Hatari za kusajili mchezaji kutoka ligi ya nje

Hatari za kusajili mchezaji kutoka ligi ya nje ni uwezekano wa klabu kupata hasara ya kifedha, ya uwanjani au ya kisheria inapomchukua mchezaji aliyepimwa katika mashindano ya nchi nyingine. Katika Afrika Mashariki huonekana wazi kwenye safari ya wanasoka kutoka Bujumbura kwenda Dar es Salaam. Klabu ya Simba ya Dar es Salaam ilichukua washambuliaji wawili wa klabu ya Vital'O ya Bujumbura: Amissi Tambwe mwaka 2013 na Laudit Mavugo mwaka 2016. Tambwe aliibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania msimu wa 2013/14 kwa mabao 19. Mavugo, ingawa alitoka ligi ileile, hakuwahi kuwa mfungaji bora. Kwa hiyo mabao ya ligi ya nyumbani pekee si kipimo cha kutosha.

Huenda ikadaiwa kwamba mafanikio ya Tambwe yanaonyesha hatari hizi zinakuzwa. Lakini Simba ilimwacha Desemba 2014, akahamia klabu ya Yanga na kufunga mabao 21 msimu wa 2015/16. Hukumu ya haraka nayo ni hasara.

Kisheria, kanuni za FIFA haziruhusu uhalali wa mkataba utegemee vipimo vya afya, hivyo uchunguzi hutangulia saini. Klabu isiyolipa deni la mchezaji yaweza kufungiwa usajili hadi madirisha matatu. Kinga bora ni uchunguzi wa kina, mkataba ulio wazi na subira.