Mzee wa Restelo na Mshairi wa Pate

Ukiingia kanisa la Jerónimos, mtaa wa Belém jijini Lisbon, makaburi mawili ya mawe yanakupokea. Huku amelala Vasco da Gama, kule Luís de Camões, mshairi aliyeitungia safari ya baharia huyo utenzi mzima. Mgeni mwenye siku mbili tu hupiga picha akatoka mbio kuwahi foleni ya vikeki vya Belém. Mimi sikuweza kuondoka upesi. Nilikuwa nimekwenda na shairi jingine moyoni, Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, na kadiri nilivyouzunguka mji ndivyo nilivyoamini kwamba hausomeki kwa shairi moja.

Os Lusíadas ya Camões ilichapwa mwaka 1572: nyimbo 10, kila ubeti mishororo 8. Al-Inkishafi ilitungwa mwanzoni mwa karne ya 19, kila ubeti mishororo 4. Kila mmoja, kwa hesabu ya lugha yake, anatumia mizani 10 kwa mshororo, na kufanana kwa umbo kunaishia hapo. Camões amerithi tendi za Kirumi, hasa za Virgil, ambamo shujaa huvuka bahari ili taifa lizaliwe. Sayyid Abdalla amerithi mawaidha ya Kiislamu, ambamo mtu huuonya moyo wake usihadaike na dunia. Wa kwanza anahesabu walichopata watu wake. Wa pili anaingia katika majumba ya mabwana wa Pate, anakuta popo wananing'inia juu na ndege wamelala kwenye zidaka zilizokuwa zikipangwa sahani, kisha anauliza wenyewe wamekwenda wapi.

Kwa jicho la Camões, Belém ni sherehe. Mfalme Manuel wa Kwanza alianza kuijenga Jerónimos mwanzoni mwa karne ya 16 kwa fedha za biashara ya ng'ambo, na mafundi wakachonga kamba za merikebu juu ya mawe. Lakini nenda pia Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale. Humo mna monstransi ya dhahabu ya mwaka 1506, kazi ya sonara Gil Vicente. Mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka chumba kidogo cha kioo cha kuwekea ekaristi. Dhahabu yake ilitoka Kilwa. Mwaka 1502 Gama alimtisha mtawala wa Kilwa kwa mizinga mpaka akakubali kulipa kodi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja kuuteka mji wenyewe na kuupora.

Kazi ile ni nzuri mno, na sioni sababu ya kuukana uzuri wake. Ila mbele yake swali la Pate linarudi kwa uzito mwingine: wenye dhahabu wako wapi? Al-Inkishafi yenyewe haiwashitaki Wareno. Haimshitaki mtu, inamwona binadamu aliyeghafilika na dunia inayopita. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, na ndipo pia inapotuacha na deni: mgeni wa leo hana budi kuuliza nani aliubomoa mji gani, na kwa faida ya nani.

Lisbon nayo imeonja kuanguka. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, tetemeko la ardhi liliupiga mji, yakafuata mawimbi ya bahari na moto. Mitaa ya Baixa ilijengwa upya, imenyooka kama iliyopigwa kamba. Kanisa la Carmo, juu mlimani, limebaki bila paa hadi leo. Matao yake yamesimama kama mbavu, mvua inanyea pale waumini walipokuwa wakisali. Mtu aliyelelewa na magofu ya Pate, Gede au Kilwa hahitaji mkalimani mahali pale.

Nilidhani basi mashairi haya mawili hayana pa kukutana. Nilikosea. Mwishoni mwa wimbo wa nne, merikebu zikiwa tayari kung'oa nanga, Camões anamsimamisha mzee ufukweni Restelo, ndiyo Belém hiyohiyo. Mzee analaani tamaa ya sifa na utawala, anatabiri hasara, anawaombolezea wanaoachwa. Hapo mshairi wa ushindi anasema kwa sauti ya mawaidha, kana kwamba amekaa barazani Pate.

Jirani na hapo, kando ya mto Tejo, limesimama Padrão dos Descobrimentos, mnara wa mita 56 uliokamilika mwaka 1960. Una sanamu 33: mabaharia, wafalme, mapadri, na Camões mwenyewe ameshika utenzi wake. Mzee wa Restelo hayumo. Jiwe limeuchukua utenzi, likamwacha mwonyaji.

Mwenye siku mbili Lisbon na amtafute mzee huyo. Camões alimfikisha hadi kwetu, maana katika utenzi habari zake zinasimuliwa na Gama mwenyewe, na anayesimuliwa, aliyekaa kitako akisikiliza, ni mfalme wa Malindi.