Mkondoa na Bahari ya Saadani

Aghalabu watajwapo wataalamu wa ilimu ya bahari, fikira zetu huelekea Unguja, ilipo tangu mwaka 1978 Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini taarikh ya madhara yaipatayo bahari haianzii pwani, nami naona sehemu yake kubwa yafaa kusomwa Kilosa.

Mji huu umekaa pale mto Mkondoa utokapo katika milima ya Usagara na kuingia nyikani. Bonde hilo ndilo lililokuwa njia ya misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo, ukiwamo wa msafiri Stanley mwaka 1871. Na Wadachi, walipoijenga reli yao iliyofika Kigoma mwaka 1914, waliufuata mto uo huo. Baadaye, jirani na Kilosa, huko Kimamba na Rudewa yakastawi mashamba ya mkonge. Katika jani zima la mkonge singa ni kama asilimia 4 tu. Yaliyosalia, mabaki ya jani na maji yake makali, mashine ya kuchambua singa iitwayo korona huyatema, na katika mashamba mengi ya nchi hii yalimwagwa mtoni bila ya hadhari.

Maji ya Mkondoa huungana na ya Mkata yatokayo Mikumi, yakawa Wami, na Wami huingia baharini Saadani. Huko kambamiti, waliozaliwa bahari kuu, hujongea mikokoni wangali wadogo, wakakulia katika maji yaliyochanganyika chumvi na utamu. Mto ukipungua kiangazi, chumvi hupanda. Tope likizidi masika, nyasi za bahari hukosa mwanga na matumbawe husongwa.

Mikumi, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964, husifiwa kwa tembo na nyati wake, na sifa hiyo ni haki yake. Ila mbuga yake ya Mkata ifurikapo, maji hutulia majanini na udongo hutua kabla ya kufika mbali, na hiyo kwangu ni hidima kubwa kupita zote.

Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulifurika hadi mjini Kilosa, ukaikata reli bondeni, na maelfu ya watu wakahamia mahemani. Udongo uliochukuliwa siku zile haukurudi Usagara. Nawasihi basi wasimamizi wa bonde la Wami na Ruvu, na wataalamu wa Unguja pia: vipimo vya mto wa Kilosa na vipimo vya mikoko ya Saadani viandikwe katika daftari moja.