Kosovo ilivyobisha hodi kwa Cessna

Kenya ilipotangaza Machi 26, 2025 kwamba inaitambua Kosovo kuwa nchi huru, habari hiyo ilikaa siku moja magazetini ikaondoka. Serbia, ambayo Kosovo ilijitenga nayo, ililalamika. Prishtina, mji mkuu wa Kosovo, ilishangilia. Rais Vjosa Osmani alimshukuru Rais William Ruto, kisha akamtaja kwa shukrani mtu wa pili, Behgjet Pacolli, tajiri wa ujenzi ambaye kwa miaka mingi amekuwa akizunguka Afrika kuiombea nchi yake kutambuliwa. Hapa Nairobi watu wengi walibaki wakiulizana Kosovo iko wapi, na kwa nini neno letu lilingojwa kwa hamu kiasi hicho.

Ninaona fedheha kwamba tuliulizana hivyo. Kosovo ilikuwa imesimama mlangoni petu miaka 17. Kwetu, mgeni akifika kwenye boma la watu hubisha hodi. Asipoitikiwa hubisha ya pili, na ya tatu, kisha huenda zake, na wenyeji wakijua walikuwapo ndani kimya, huona haya. Kosovo haikwenda zake. Kati ya wote walioibishia hodi, yupo mmoja ambaye habari yake ingestahili kufundishwa shuleni.

Jina lake ni James Berisha, Mualbania wa Kosovo aliyekuwa akiishi Marekani, rubani. Mwaka 2009, nchi yake ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu, alipanda Cessna 172 peke yake na kuanza kuzunguka dunia. Safari yake aliiita kuruka kwa ajili ya Kosovo. Alipita Amerika ya Kusini na Karibi, akaja Afrika. Kila alipotua alitafuta mlango wa serikali, au walau mwandishi wa habari wa kumsikiliza, na maneno yake yalikuwa yale yale: tuko, tutambueni. Hakuwa balozi wala hakutumwa na serikali.

Wasomaji waliowahi kusimama kando ya uzio wa uwanja wa Wilson hapa Nairobi wanaijua Cessna 172 hata kama hawajui jina lake. Ni ile ndogo, mabawa yake yamekaa juu ya kebini, injini moja puani, viti vinne. Hakuna ndege iliyoundwa kwa wingi kuipita. Tangu iliporuka mara ya kwanza mwaka 1955 zimetengenezwa zaidi ya 40,000. Vijana wengi wanaosomea urubani huanzia humo. Mzee mmoja aliyefundisha urubani Wilson kwa miaka mingi, na ambaye hapendi jina lake litajwe gazetini, alinikalisha chini anieleze maana ya kuzunguka dunia kwa chombo kama hicho. Nilikuwa nimekwenda kwake na maswali ya siasa. Yeye alitaka tuzungumze mafuta.

Ndege kubwa, aliniambia, hunywa mafuta yaliyo ndugu ya mafuta ya taa, na hayo yapo kila uwanja wa maana. Cessna hunywa petroli maalumu ya ndege, na petroli hiyo ni adimu katika sehemu kubwa ya Afrika. Unaweza kutua kwenye mji mkuu wa nchi, barabara ya kurukia ikawa na urefu wa kutosha ndege ya abiria 300, na usipate hata lita moja. Kasi ya Cessna ni kama kilomita 220 kwa saa, na tangi likijaa huenda kilomita 1,200 hivi. Kutoka pwani ya Brazili hadi Dakar ni karibu kilomita 3,000. Ndege ya aina hii ikitaka kuvuka bahari kama hiyo hufungwa tangi la ziada humo ndani, mahali pa viti vya nyuma, rubani akakaa saa 13 au zaidi harufu ya petroli ikiwa mgongoni, bila choo, bila mtu wa kumpokea usukani, na injini moja tu kati yake na maji.

Lakini kuna kitu kigumu kuliko mafuta, mzee alisema, nacho ni kibali. Hapo ndipo mazungumzo yetu ya ndege yalipogeuka kuwa ya siasa bila yeye kukusudia. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unasema katika kifungu chake cha kwanza kabisa kwamba kila dola ina mamlaka kamili, isiyogawanyika, juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Kuomba kibali cha kuruka juu ya nchi ni kukiri kwamba nchi hiyo ipo na ina mwenyewe. Kwa hiyo Berisha, aliyekuwa akiomba nchi yake itambuliwe, alizitambua nchi za wenzake kila asubuhi kwa karatasi na kwa redio kabla ya kuwasha injini. Na karatasi ikipungua, anga huwa kali. Mwaka 2010 aliingia Eritrea na kukamatwa. Yule mzee hakushangaa. Nchi iliyopigania uhuru wake miaka 30 na kuupata mwaka 1993, alisema, hailali usingizi mzito kuhusu anga lake.

Nchi ambayo Berisha alikuwa akiiombea haikuwa na anga la kulinda. Hapa ndipo inabidi kurudi nyuma.

Kosovo ni nchi ndogo kuliko Mkoa wa Kilimanjaro, ina takriban kilomita za mraba 10,900, na wakazi wake wengi ni Waalbania. Mwaka 1989 Slobodan Milošević, kiongozi wa Serbia, aliiondolea mamlaka ya ndani iliyokuwa nayo chini ya Yugoslavia. Ibrahim Rugova aliongoza upinzani wa amani kwa miaka. Vita vikaja mwaka 1998. Watu zaidi ya 800,000 wakafukuzwa makwao. NATO ikaipiga Yugoslavia mabomu siku 78, hadi Juni 10, 1999.

Siku mbili baada ya hapo ukazuka ugomvi ambao nimeusoma mara nyingi na bado unanisisimua. Jenerali Mike Jackson wa Uingereza, aliyeongoza majeshi ya NATO yaliyoingia Kosovo, ameusimulia katika kumbukumbu zake, na mimi ninamfuata yeye kwa sehemu kubwa. Warusi, marafiki wa Serbia, hawakutaka kuachwa nje. Askari wao wapatao 200 waliokuwa wakilinda amani Bosnia walibadilisha herufi zilizoandikwa kwenye magari yao ili zisomeke kama za kikosi cha Kosovo, wakaendesha mbio kupitia Serbia, na Juni 12 NATO ilipokaribia uwanja wa ndege wa Prishtina iliwakuta wameshafika na wamekaa.

Jenerali Wesley Clark, Mmarekani, mkuu wa majeshi ya NATO Ulaya, alitaka barabara ya kurukia ndege izibwe ili Warusi wasiletewe wenzao kwa ndege. Jackson alikataa. Alimwambia mkuu wake usoni kwamba hataanzisha Vita Vikuu vya Tatu kwa ajili yake. Mbele kabisa ya msafara wa Waingereza alikuwamo kapteni kijana, James Blunt, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa nyimbo zake, naye amesema hakuwa tayari kuwashambulia wale Warusi. Jackson mwenyewe aliruka kwa helikopta, mvua ikinyesha, akatua uwanjani na kumtafuta Jenerali Viktor Zavarzin. Alikuwa na chupa ndogo ya wiski mfukoni. Wakanywa pamoja, na mambo yakaanza kutulia.

Clark ana maelezo yake, na katika kitabu chake ameonyesha kwamba aliona hatari ya Kosovo kugawanywa vipande viwili, kama Ujerumani ilivyogawanywa. Si hofu ya kudharau. Lakini yule mzee wa Wilson, nilipomsimulia, aliipuuza wiski akakamata jambo lingine. Aliuliza: ndege za Warusi zilizokuwa zilete wale askari wengine zilikwama wapi? Zilikwama kwa sababu Hungaria, Romania na Bulgaria zilikataa kuzipa njia ya angani. Nchi tatu, kwa kusema hapana tu, zilifanya kile ambacho vifaru vya Clark havikutumwa kukifanya. Wale askari 200 walibaki uwanjani bila msaada, chakula na maji vikiwaishia, hadi majirani zao Waingereza wakawapa vya kutumia.

Ndivyo Kosovo ilivyoingia katika utawala wa Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 1244, uwanja wake wa ndege ukiwa umeshikiliwa na wageni wanaotazamana kwa mitutu. Anga lake la juu lilifungwa kwa ndege za abiria.

Uhuru ulitangazwa bungeni Februari 17, 2008. Marekani, Uingereza na Ufaransa zilijibu hodi siku iliyofuata, na Senegal nayo, ya kwanza Afrika. Nyingi za Afrika zilinyamaza, na ukimya huo haukuwa wa roho mbaya. Mwaka 1964 mjini Cairo, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kuiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, kwa kuhofia kwamba ukivuta uzi mmoja nguo yote itafumuka. Kenya ilikuwa na sababu zake za kuogopa uzi huo. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960, vya waliotaka kujitenga kule kaskazini mashariki, vilikuwa bado katika kumbukumbu. Na Somaliland, iliyojitenga na Somalia, imekuwa ikibisha tangu mwaka 1991.

Hata hivyo Afrika haijawahi kuwa na sauti moja juu ya jambo hili, na mwenye kudai hivyo amesahau Dar es Salaam ya Aprili 13, 1968. Siku hiyo Tanzania iliitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria, ikiwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo, kinyume cha karibu Afrika nzima. Hoja ya Mwalimu Nyerere ilikuwa kwamba dola huwapo ili kuwalinda watu wake. Watu wakiuawa na kukataliwa ndani yake mpaka wasijione salama tena, huwezi kuwafunga humo kwa bunduki ukauita huo umoja. Aliyeamini hivyo kuhusu watu wa Biafra angewaelewa Waalbania wa Prishtina. Tanzania iliitambua Kosovo Mei 2013, kimya kimya, wala sikumbuki kusoma popote mtu akikumbusha kwamba nchi hiyo ilikuwa imeshaandika hoja yake miaka 45 kabla.

Serbia ilikwenda mahakamani. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa kura 77 dhidi ya 6, na 74 zikijizuia, liliiomba Mahakama ya Kimataifa ya Haki iseme kama tangazo lile lilivunja sheria. Desemba 2009 mataifa yalipanga foleni The Hague kutoa hoja. Kutoka Afrika ilisimama Burundi peke yake, na hoja zake ziliegemea upande wa Serbia. Julai 22, 2010 mahakama ilijibu, majaji 10 dhidi ya 4, kwamba tangazo la uhuru halikuvunja sheria ya kimataifa. Haikusema Kosovo ni nchi, hilo haikuulizwa. Majaji wa Afrika waligawanyika: Abdulqawi Yusuf wa Somalia alikuwa na walio wengi, Abdul Koroma wa Sierra Leone na Mohamed Bennouna wa Morocco walipinga.

Burundi iligeuka mwaka 2012, ikaitambua Kosovo. Februari 2018 ikageuka tena na kuufuta utambuzi wake, wakati Serbia ilipokuwa ikizunguka dunia nayo, ikibisha hodi kwenye milango ile ile kuomba ifungwe. Komoro nazo zilifuta. Jambo hili linaniuma. Ukishamkaribisha mgeni, akaketi, huwezi miaka sita baadaye kusema hukuwahi kumwona. Serikali ina haki ya kubadili siasa yake. Lakini watu wa Kosovo hawakupungua wala mipaka yao haikuhama kati ya mwaka 2012 na 2018.

Miaka ya karibuni milango mingine imefunguka kwa njia ambazo Berisha hakuhitaji kurukia. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipokea Kosovo mwaka 2014, na mwaka 2016 kule Rio mwanajudo Majlinda Kelmendi akaipa medali yake ya kwanza kabisa, ya dhahabu. FIFA iliipokea mwaka huo huo. UNESCO iliikataa mwaka 2015 kwa upungufu wa kura tatu. Prishtina husema imetambuliwa na nchi zaidi ya 100. Serbia huhesabu vingine. Umoja wa Mataifa bado, na shirika la usafiri wa anga la Montreal bado.

Nilimuuliza yule mzee kama safari ya Berisha ilifaa kitu. Alifikiri kidogo, kisha akanirudisha angani. Alitaka kujua ndege za Prishtina hupita wapi sasa.

Nilimweleza nilichokuwa nimekisoma. Anga la juu la Kosovo lilifunguliwa tena Aprili 2014, miaka 15 baada ya vita, nalo huongozwa kutoka Hungaria. Serbia bado haikubali ndege ziendazo Prishtina zipite juu yake. Kwa hiyo ndege inayotoka Vienna, ambayo ingeshuka moja kwa moja kusini, huacha njia iliyonyooka na kuzunguka magharibi. Abiria aliyekaa dirishani huiona bahari ya Adriatiki, halafu milima ya Albania, na ndipo ndege inapoinamisha bawa na kuanza kushuka kwenye uwanja ule waliokaa Warusi.