Biskuti za chai: Bei pekee haitoshi kuchagua pakiti

KIAMUNYI, mtaa ulio kando ya barabara itokayo jijini Nakuru kuelekea Kabarak na Eldama Ravine, ni miongoni mwa sehemu za Bonde la Ufa ambako baridi ya asubuhi humfanya mtu athamini kikombe cha chai ya maziwa. Aghalabu chai hiyo huandamana na biskuti ya kawaida: nyembamba, yenye utamu wa wastani, isiyo na krimu wala chokoleti.

Hata hivyo, mnunuzi asimamapo mbele ya rafu hukabiliwa na pakiti nyingi zinazokaribiana kwa sura na bei, zikiwemo za House of Manji, NuVita na Parle-G. Uchaguzi huo si mzaha kwa familia inayohesabu kila shilingi, wala kwa nyumba yenye mgonjwa wa kisukari.

Kanuni ya kwanza ni kulinganisha biskuti za aina moja. Marie, ambayo huuzwa na kampuni nyingi duniani, ilibuniwa mwaka 1874 na kampuni ya Peek Freans ya London, kwa heshima ya arusi ya Maria Alexandrovna wa Urusi na mwana wa Malkia Victoria. Biskuti aina ya Digestive hutiwa unga wa ngano isiyokobolewa, na ndiyo sababu hukwaruza kidogo ulimini. Zile za glukosi huwa tamu zaidi, ilhali za tangawizi huwa ngumu na zenye ukali. Kwa hivyo, Marie ipimwe dhidi ya Marie nyingine.

Kanuni ya pili ni uzani. Tuseme pakiti moja ya gramu 150 inauzwa Sh50, na nyingine ya gramu 200 inauzwa Sh60. Ya kwanza huonekana nafuu, lakini gramu 100 zake zinagharimu zaidi ya Sh33, huku za pili zikigharimu Sh30. Rahisi imegeuka ghali.

Hesabu hiyo ina umuhimu kwa sababu Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje. Bei ya ngano ilipopanda duniani mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, walaji wa humu nchini waliumia pia. Gharama inapoongezeka, mtengenezaji anaweza kupandisha bei, au akaiacha ilivyo na kupunguza gramu. Mnunuzi asiyesoma uzani hatatambua badiliko hilo la pili.

Si ajabu suala la ngano kuwagusa watu wa Nakuru. Kituo cha utafiti cha Njoro, kilicho katika kaunti hiyo, kimekuwa kikishughulikia mbegu za zao hilo tangu mwaka 1927. Biskuti hupendelea ngano laini yenye protini kidogo, tofauti na mkate, ambao huhitaji ngano ngumu ili uumuke vyema.

Kanuni ya tatu ni kusoma orodha ya viambato. Hupangwa kuanzia kile chenye uzani mkubwa hadi kile kidogo kabisa. Katika biskuti ya chai, unga wa ngano hutangulia, kisha kwa kawaida hufuata sukari na mafuta ya mimea.

Chukua mfano wa pakiti inayoonyesha gramu 22 za sukari kwa kila gramu 100. Ikiwa biskuti moja ina gramu 7, basi tano zitakuwa na takriban gramu 8 za sukari, yaani vijiko viwili vidogo, kabla ya kuhesabu sukari iliyo chaini. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia tano, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25.

Kagua pia tarehe ya mwisho ya matumizi, alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), na iwapo pakiti imefungika vizuri. Biskuti hunyonya unyevu upesi na kupoteza ukavu wake.

Jaribio la mwisho ni la kikombeni. Chovya biskuti za chapa mbalimbali katika chai yenye joto sawa, kwa muda sawa, uone ipi hudumu bila kumeguka. Mwanafizikia Len Fisher wa Chuo Kikuu cha Bristol, aliyetuzwa Ig Nobel mwaka 1999 kwa utafiti huo, alishauri biskuti ichovywe kwa ubapa, ili upande wa juu ubaki mkavu na kuushikilia ule uliolowa.

Ladha itabaki hiari ya kila mlaji. Uzani, sukari na tarehe, kwa upande mwingine, vimeandikwa pakitini. Kilichobaki ni kuigeuza na kuisoma kabla ya kulipa.