Sinagogi ya Rhodes na watu wa Katanga

Jumamosi moja tukicheza mpira hapa Kajaga, kijana mmoja alikuja na jezi ya Mazembe. Nikamuuliza kama anajua baba yake Moïse Katumbi, rais wa timu yake, alitokea wapi. Akacheka: "Kaka, si Katanga?" Mama ndiyo, Mkongomani. Lakini baba, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, aliyekuja kufanya biashara ya samaki kwenye ziwa Mweru.

Na hakuwa peke yake.

Katika mji wa Rhodes kuna sinagogi inaitwa Kahal Shalom. Ilijengwa mwaka 1577, na ndiyo ya zamani kuliko zote zilizobaki Ugiriki. Waliosali humo walikuwa wajukuu wa wakimbizi: mababu zao walifukuzwa Hispania mwaka 1492. Walitembea na lugha yao, Kiladino, na miaka mia nne baadaye walikuwa bado wanaizungumza nyumbani. (Sisi tuko hapa juzi tu, na wadogo zetu tayari wanatujibu kwa Kirundi.)

Kuanzia mwanzo wa karne ya 20 vijana wa kisiwa walipanda meli kwenda kutafuta maisha. Wengine Marekani, wengine Rhodesia, na wengi Kongo ya Wabelgiji, hasa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Wakafungua maduka, wakaitana ndugu kwa ndugu, kama tunavyofanya sisi. Wakajenga sinagogi yao, ingali inasimama. Mwaka 1937 akafika rabi Moïse Levy, akawaongoza miaka zaidi ya hamsini. Mwaka 1938 Waitaliano, waliotawala Rhodes wakati huo, wakatoa sheria za kuwabagua Wayahudi, na wengine wengi wakakimbia.

Waliobaki, Wajerumani waliwakuta. Tarehe 23 Julai 1944 waliwapakia kwenye mashua za mizigo, watu zaidi ya 1,600, wazee na watoto pamoja. Kutoka Piraeus wakaingizwa kwenye treni, na tarehe 16 Agosti wakafika Auschwitz. Waliotoka hai hawakufika 200. Konsuli wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, alisimama mbele ya Wajerumani akadai wachache warudishwe kwa kuwa ni raia wake, akaokoa kama 40. Mufti wa kisiwa naye aliyaficha magombo ya Torati. Mwislamu huyo!

Sinagogi kubwa ilikuwa imevunjwa na mabomu. Kahal Shalom ikabaki, lakini nyumba ya maombi bila waombaji.

Nani aliitengeneza? Ni wale walioondoka na watoto wao, waliotawanyika Marekani, Ubelgiji, Afrika. Mwaka 1997 mwanasheria wa Los Angeles, Aron Hasson, mjukuu wa watu wa Rhodes, alianzisha makumbusho katika vyumba vya pembeni ambamo zamani wanawake walikuwa wanasali. Sakafu ya kokoto nyeusi na nyeupe ipo mpaka leo. Ukutani kuna majina ya familia zilizokufa. Wayahudi wanaoishi kisiwani ni wachache sana, lakini kila kiangazi wajukuu wanakuja kusali, hata kufunga ndoa.

Na wa Katanga? Mwaka 1973 Mobutu alipochukua biashara za wageni, wengi walihama tena, Brussels na Cape Town. Kukimbia mara mbili, hiyo tunaifahamu.

Nimeandika haya kwa sababu ya bahasha. Kila mwezi mzee wetu mmoja anapita kwenye nyumba zetu kuchangisha pesa za mabati ya kanisa letu la kijijini, ng'ambo ya Rusizi. Paa liliungua, na hakuna anayesali pale sasa. Vijana wangu wanamcheka: mzee, unaezekea nani, popo? Nilikuwa nacheka nao, sitaficha.

Mwezi uliopita niliweka franga elfu mbili. Nikamwomba pia anitajie majina ya watu wa kanisa lile waliokufa, nami niyaandike kwenye daftari. Tumeshafika thelathini na moja. Jana usiku alinipigia simu, alikuwa amemkumbuka mwingine.