Kiwanja cha Emoji: Somo Kutoka Kariakoo

Nilikuwa kimya kidogo, mtanisamehe. Leo nimerudi na swali ambalo si langu, ni la shemeji yangu.

Huyu bwana ana fremu ya vifaa vya simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Juzi usiku kanipigia, sauti imechangamka kama kaokota dhahabu. Kaona video ya Mmarekani mmoja anaeleza kwamba sasa unaweza kununua anwani ya tovuti iliyoandikwa kwa emoji. Yaani badala ya herufi, unaweka moto, moyo, taji, simu, halafu nukta, halafu herufi mbili za nchi fulani. Mmarekani anasema hivi ni viwanja vya mtandaoni, vimebaki vichache, anayewahi leo kesho atauza kwa mamilioni. Shemeji ana milioni na nusu aliyokuwa akiiweka pembeni kwa ajili ya kilemba cha fremu ya pili. Sasa anataka kuchukua emoji ishirini kwa mpigo. "Shem, wewe ni mwandishi, haya mambo unayajua. Niingie au nisiingie?"

Ningeweza kumjibu kwa neno moja. Lakini lile neno "viwanja" lilinikaa kichwani usiku kucha. Maana kama kuna sehemu nchi hii inayojua maana ya kununua kiwanja ambacho si chako, ni hapo hapo alipokuwa amesimama akinipigia simu.

Turudi nyuma. Eneo tunaloliita Kariakoo lilikuwa shamba la Mjerumani aitwaye Schoeller. Serikali ya Kijerumani ililinunua kuelekea Vita ya Kwanza ya Dunia, ikalipima kwa mistari iliyonyooka ili Waafrika wahamishiwe huko, mbali kidogo na Uzunguni na Uhindini. Vita ikaingia kabla mpango haujakamilika. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, wakaweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, kile kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka walivyoweza: Kariakoo. Nairobi nao wakalitamka kwao, wakapata Kariokor. Jina la biashara lenye nguvu kuliko yote Tanzania limetokana na maelfu ya wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita isiyo yao, na hakuna aliyelinunua wala kulisajili.

Baada ya vita watu walijenga kwenye vile viwanja. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, mwenye nyumba anakaa chumba kimoja, vingine anapangisha. Ilikuwa njia ya kweli ya Mwafrika kupata kipato mjini bila kuajiriwa na mzungu. Lakini angalia mkataba wake: nyumba ni yako, ardhi si yako. Unalipa kodi ya kiwanja kwa serikali, na ukishindwa kulipa una kesi. Uhuru ulipokuja jambo hilo halikulegea, lilikazwa. Mwaka 1963 hata wale wachache waliokuwa na umiliki wa moja kwa moja tangu enzi za Wajerumani waligeuzwa kuwa wapangaji wa serikali kwa miaka 99. Mpaka leo Mtanzania hamiliki ardhi. Anamiliki miaka: 33, 66, 99.

Halafu ikaja Aprili 1971. Sheria ya kutaifisha majumba ilipitishwa, na nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikaenda kwa Msajili wa Majumba. Jengo lililokuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi, mwenyewe hakupata fidia. Wengi walioguswa walikuwa Wahindi wa katikati ya mji, watu waliokuwa wameweka akiba ya ukoo mzima kwenye ghorofa moja. Sisemi hapa kama ilikuwa haki au dhuluma, huo ni mjadala wa siku nyingine na najua mtanirushia mawe toka pande zote mbili. Nasema tu kwamba siku moja ulikuwa mwenye jengo, siku ya pili ukawa mpangaji ndani ya jengo lile lile.

Na kilemba je? Huko India wafanyabiashara huiita pagri, maana yake ni kilemba kile kile cha kichwani. Unamlipa anayeondoka, au mwenye jengo, donge nono ili tu upate haki ya kuingia, kisha kodi unaendelea kulipa kama kawaida. Mgeni akisikia anadhani ni wizi. Mtu wa Kariakoo anajua analipia nini: watu wanaopita mlangoni. Fremu ya Mtaa wa Congo na fremu ya Kimara zinaweza kuwa na kuta sawa, sakafu sawa na shata sawa. Tofauti ya bei yote iko nje ya mlango.

Sasa tuje kwenye emoji, nikiwa nimekwisha kuwachosha na viwanja.

Anwani ya tovuti nayo hainunuliwi. Inakodishwa. Tangu jina la kwanza la .com liliposajiliwa Machi 1985, hakuna binadamu anayemiliki jina milele. Unalipia mwaka, au miaka kadhaa, na kwa .com huwezi kupita 10 kwa mpigo. Ukisahau kulipa, mwenzio anachukua. Kuhusu hilo emoji na herufi ni sawa.

Tofauti inaanzia kwenye mashine. Mfumo wa majina ya intaneti ulijengwa kwa herufi za Kilatini, tarakimu na kistari. Basi. Mwaka 2003 ukapatikana utaratibu uitwao Punycode, lengo likiwa Mwarabu, Mchina na Mhindi waandike anwani kwa maandishi yao. Kompyuta inachukua maandishi hayo na kuyageuza kuwa herufi za kawaida zinazoanza na xn na vistari viwili. Kupitia mlango huo huo alama za picha nazo zikapenya. Chache zilisajiliwa mapema kabisa, mwaka 2001. Iliyopata umaarufu ni ya 2011, pale kampuni ya programu ya Marekani, Panic, ilipochukua kile kirundo cha kinyesi chenye macho, nukta la. Jina lake halisi ni xn--ls8h.la. Ndiyo, wadau, ukinunua taji unapewa hati yenye maneno ya aina hiyo, na vivinjari vingi vitamwonyesha mteja hayo maneno badala ya taji. Mteja wa Kariakoo ambaye ametapeliwa kwenye simu mara mbili mwaka huu, akiona xn--ls8h, anafunga.

Emoji zenyewe ni kitu cha Japani. Mwaka 1999 kampuni ya simu ya NTT DoCoMo ilitoa picha 176 ndogo ndogo, kazi ya Shigetaka Kurita. Zikaingizwa rasmi kwenye Unicode mwaka 2010, na zikasambaa duniani pamoja na simu za kugusa. Kampuni kubwa zikaona fursa. Mwaka 2015 Coca-Cola iliendesha kampeni Puerto Rico kwa anwani za nyuso zinazocheka chini ya .ws, ambayo ni herufi za nchi ya Samoa. Hapo ndipo homa ya viwanja ilipopanda. Lakini Mei 2017 kamati ya usalama ya ICANN, chombo kinachosimamia majina haya duniani, iliandika waraka ikishauri emoji zisitumike kwenye majina. Sababu ni rahisi, hata mama lishe angekueleza: zinafanana mno. Kuna nyuso za kucheka ngapi kwenye simu yako? Hesabu. Kila kampuni inazichora kwa namna yake. Mikono ina rangi za ngozi tofauti, na kila rangi ni alama nyingine kwa kompyuta. Mwaka 2016 Apple iliibadilisha bastola kuwa bunduki ya maji. Fikiria umenunua bastola kwa ajili ya kampuni ya ulinzi!

Kanuni mpya za majina ya kimataifa zimezikataa emoji kabisa, na .com haiandikishi mpya. Kilichobaki ni nchi ndogo ndogo zinazojiamulia zenyewe. Na hapa ndipo ningependa shemeji asome taratibu.

Miongoni mwa zilizoruhusu emoji zilikuwa .ga ya Gabon na .ml ya Mali. Zote ziliendeshwa na kampuni moja ya Uholanzi, Freenom, iliyokuwa ikigawa majina bure. Matapeli wakajaa humo kama inzi kwenye buchari. Mwaka 2023 Gabon ikachukua herufi zake na kutangaza kufuta zaidi ya majina milioni 7. Milioni saba! Mwezi uliofuata, Julai, Mali nayo ikarudishiwa zake. Sina ugomvi na Gabon, kwa kweli ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Herufi ni za nchi yao. Ila aliyekuwa na "kiwanja" chake humo hakwenda kwa Msajili wa Majumba kuulizia fidia. Hata pa kwenda hakukuwapo.

Kuna watakaosema picha ndiyo lugha yetu, tumeizoea kabla ya Wajapani. Kweli kabisa. Uchaguzi wa 1965, ule wa kwanza wa chama kimoja, kila jimbo lenye ushindani wagombea wawili waligawiwa alama: mmoja jembe, mwingine nyumba. Mpiga kura asiyejua kusoma alikuwa anachagua picha. Wa jembe akasema bila jembe hakuna chakula, wa nyumba akajibu hicho chakula mtakilia wapi, na vijembe vikaendelea. Jembe lilionekana kuwa na bahati katika nchi ya wakulima. Lakini mheshimiwa hakuondoka nalo. Alama ilifanya kazi kwa sababu tume iliiweka kwenye karatasi mbele ya kila mtu siku hiyo, na zilikuwa mbili tu, hazichanganyi.

Vivyo hivyo namba za simu. Mnaokumbuka mtakumbuka namba za 0744 na 0748, watu walivyotafuta namba nzuri yenye tarakimu zinazofuatana, wengine wakaichora kwenye kuta za duka na milango ya teksi. Katikati ya miaka ya 2000 ikaja amri ya mpangilio mpya: 0744 ikawa 0754, 0748 ikawa 0784. Mafundi rangi walifaidi. Na mitaa ndiyo usiseme. Barabara moja ya katikati ya jiji imekuwa Acacia, ikawa Independence, sasa ni Samora. Mtaa wa Kichwele ukawa Uhuru, New Street ikawa Lumumba. Maduka yamebaki pale pale.

Mtaniuliza, basi .tz ndiyo salama? Ni salama zaidi kwa maana moja: msimamizi wake yuko hapa hapa nchini, unaweza kwenda kugonga mlango. Lakini nayo ina mwenyewe, na mwenyewe ana sheria. Desemba 2016 mwanzilishi wa JamiiForums, Maxence Melo, alifikishwa Mahakama ya Kisutu, na moja ya mashtaka lilikuwa kuendesha tovuti ambayo jina lake halikusajiliwa kwa .tz. Kesi zile zilikokotana mpaka 2020. Sisi tunaoandika mtandaoni tulijifunza siku ile kwamba herufi mbili za mwisho zinaweza kumfikisha mtu kizimbani. Kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba jina lolote ni mali kama ng'ombe au mahindi.

Nilimwambia shemeji hivi. Asinunue emoji ishirini. Hata kumi asinunue. Anayenunua ili auze lazima awe na mnunuzi, na mnunuzi wa taji nukta ws ni mtu mwingine aliyeona video ile ile. Akitaka anwani, achukue jina la duka lake chini ya co.tz, jina ambalo mteja anaweza kulitamka kwa bodaboda akaeleweka. Maana hilo hatujaligusa: utaisomaje emoji redioni? "Tembelea uso-unaolia-kwa-kucheka nukta ws"?

Akanyamaza. Halafu akasema, "Lakini shem, kwenye kilemba nako si nalipia hewa?" Nikamwambia ndiyo, ila ile hewa ina watu. Na hata hiyo ina hatari zake, mwenyewe anazijua kuliko mimi. Julai 2021 soko kuu liliungua, lile jengo la Beda Amuli lililofunguliwa 1975, na Novemba 2024 ghorofa likaporomoka mtaani kwao katikati ya saa za biashara, watu wakapotea. Kulipia mahali si kinga ya chochote.

Jana kanitumia ujumbe. Kalipia jina la co.tz, na hela ya kilemba kairudisha alikokuwa kaiweka. Emoji kanunua moja, ya .ws, radi. Kasema ni ya mtoto.