Njia ya Marangu: ngazi iliyojengwa kwa mzigo wa chakula

Ukiuliza nani alijenga njia ya Marangu, utajibiwa haraka: Hans Meyer, mwaka 1889. Jibu hilo lina ukweli, ila limeruka watu wengi. Hebu tupande taratibu.

Meyer alikuwa tayari ameshindwa. Mwaka 1887 barafu ilimzuia Kibo. Mwaka 1888 alirudi, akakamatwa wakati wa vita vya Abushiri, akaachiwa kwa fidia. Safari ya tatu alikuja na mpanda milima wa Austria, Ludwig Purtscheller, na mpango mpya. Mpango wenyewe ulihusu tumbo.

Fikiria hivi: ukibeba chakula chako chote mpaka juu, mzigo unakumaliza. Ukibeba kidogo, njaa inakushusha kabla hujapata siku yenye hali nzuri ya hewa. Meyer akaweka kambi kwa ngazi. Msafara ulibaki Marangu, kwa Mangi Marealle. Kambi ya kati ilikuwa juu ya msitu, na ya juu kabisa ikawa kwenye tandiko lililo kati ya Kibo na Mawenzi. Kila baada ya siku chache wapagazi walipandisha chakula. Kule juu alibaki Mwini Amani, mtu wa Pangani, akilinda kambi kwenye baridi ambayo pwani hajawahi kuiona. Kwa hiyo Meyer na Purtscheller waliposhindwa kufika kileleni tarehe 3 Oktoba, hawakulazimika kurudi Marangu. Walipumzika, wakapanda tena, na tarehe 6 wakafika.

Na njia yenyewe waliijuaje? Msituni, wenyeji walikuwa na vijia vyao. Marangu humkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kama kijana aliyewaongoza wageni hao. Miaka 100 ya safari hiyo ilipoadhimishwa mwaka 1989, mzee Lauwo alikuwa bado hai.

Sasa angalia ramani ya leo. Lango la Marangu liko mita 1,870 hivi, Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila kituo ni kama mita 1,000 juu ya kilichotangulia. Ni ngazi ileile! Vibanda viwili vya kwanza vilijengwa na Wajerumani kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na cha Kibo kikafuata mwaka 1932. Umbali ambao mtu mwenye mzigo anaweza kuumaliza kwa siku ndio uliogeuka kuwa mbao na mabati. Bahati nzuri, kupanda kwa vituo kunaupa mwili nafasi ya kuzoea hewa nyepesi, maana kwenye kilele, mita 5,895, kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Tanga.

Lakini majina je? Kibanda cha kwanza kiliitwa Bismarck. Cha pili kiliitwa Peters, kwa heshima ya Carl Peters, aliyefukuzwa kazi ya serikali mwaka 1897 kwa sababu ya watu aliowanyonga hukuhuku Kilimanjaro. Yaani mpagazi wa Kichaga alipanda na mzigo kichwani, akalala kwenye jina la mnyongaji. Baada ya uhuru vibanda hivyo vikapewa majina ya mamangi wa mlima huu: Mandara wa Moshi na Horombo wa Keni.

Hata hivyo, hakuna kibanda kinachoitwa Mwini Amani.

Ngazi bado inafanya kazi vilevile. Ukipanda leo, wagumu, kama wapagazi wanavyojiita, watakupita mapema wakiwa na mizigo ambayo sheria ya hifadhi inataka isizidi kilo 20. Wapishe njia, wasalimie, waulize majina. Njia hii inajengwa kila siku, na wanaoijenga ndio hao.